Sakafu ya Shangazi

Kamba nyekundu ilikuwa imefungwa kati ya viti viwili katikati ya ukumbi wa maduka, na kila mwenye akili zake aliizunguka. Wabeba mizigo waliizunguka. Mama mwenye mapacha aliizunguka, na hata yule mzee wa duka la saa, ambaye hajawahi kumpisha mtu tangu azaliwe, naye aliizunguka. Dada wa duka la miwani hakuwa na muda huo. Alikuwa amechelewa dakika kumi, funguo za duka anazo yeye, na wateja watatu walikuwa wamesimama mlangoni wakimtazama anavyokuja. Akainua kidogo sketi yake ya rangi ya haradali, akaivuka kamba, akakatiza juu ya vigae vilivyowekwa asubuhi hiyohiyo.

Alikuwa katika hatua ya saba aliposikia sauti ikitokea chini, karibu na ukuta.

"Dada, umekanyaga asubuhi yangu nzima."

Akageuka. Mwanamume alikuwa amepiga magoti kwenye kona, ovaroli yake iliyokuwa ya buluu zamani sasa ina rangi ya saruji, magotini amefunga vipande vya godoro, mkononi ana nyundo ya mpira. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayehesabu mpaka kumi.

"Kama hukutaka vikanyagwe, si ungeviweka ukutani?"

"Vya ukutani niliviweka jana. Leo ilikuwa zamu ya sakafu."

"Sasa nifanyeje, nirudi au niendelee?"

"Ukirudi utakanyaga saba vingine. Mbele vimebaki vinne. Endelea tu, dada, maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga."

Akaendelea kwa ncha za vidole, wateja wanacheka, naye mwenyewe anajizuia kucheka. Fundi hakucheka. Alichukua kifaa chake kirefu chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, akakilaza juu ya kigae cha kwanza, akatazama, akagonga mara mbili, akahamia cha pili. Vyote kumi na kimoja alivirudia hivyo, bila kunung'unika, na dada wa miwani akajikuta anamwangalia kupitia kioo cha duka huku mteja akimuuliza bei ya fremu kwa mara ya tatu.

Saa saba mchana fundi akaingia dukani, mikono ameosha, viwiko bado vyeupe.

"Nimekuja kupimwa macho."

"Yana tatizo gani?"

"Tangu asubuhi naona kitu kimoja tu."

Ni maneno ya kizamani, na dada yule alikuwa ameshaambiwa hivyo na wanaume wa kila umri waliokaa kwenye kiti kile cha kupimia. Angemjibu jibu la kumkata maini. Lakini fundi alikuwa ameshainama anatazama miguu ya kiti. "Na hii sakafu yenu imeinamia mlangoni," akasema kwa masikitiko ya kweli kabisa. Hapo dada akacheka mpaka akavua miwani yake akaifuta machozi, na mambo ya watu hawa wawili yakaanza.

Mafundi wenzake walimwita Pimamaji, kwa sababu ya kile kifaa. Wengine hukitumia kazini wakakirudisha mfukoni. Yeye alikilaza hata kwenye meza ya mgahawa kabla ya kuagiza chakula, na kama kiputo hakikukaa katikati, alikunja karatasi akaiweka chini ya mguu wa meza, ndipo akala kwa raha. Dada wa miwani pale ukumbini aliitwa Lenzi, jina alilopewa na mzee wa duka la saa, naye alilivaa kama kitambaa cha shingo, kwa madaha. Mwezi wa kwanza walikula chakula cha mchana pamoja kila siku. Mwezi wa pili kazi ya ukumbi ikaisha, Pimamaji akahamia kwenye majumba ya watu wenye nafasi huko mtaa wa juu, na simu ikafanya kazi yake.

"Leo uko wapi, fundi wangu?"

"Kwenye nyumba yenye vyoo vinne."

"Wanaishi wangapi humo?"

"Mtu na mkewe."

"Basi kila mmoja ana cha kwendea na cha kurudia."

"Lenzi, usinichekeshe, nimeshika kigae cha marumaru hapa. Kikianguka nitafanya kazi bure mpaka mwakani."

"Kiweke chini basi, nikuambie neno tamu."

"Ngoja... Haya, nimekiweka. Sema."

"Kula."

"Hilo ndilo neno tamu?"

"Najua hujala. Neno tamu zaidi ya hilo unataka nini?"

Hivi ndivyo walivyopendana, kwa mzaha na kwa kuulizana kama wamekula. Kulikuwa na jambo moja tu lililopinda, na kwa bahati mbaya halikuwa la kupimwa kwa kiputo. Kila Pimamaji aliposimulia marumaru na bafu zenye mwangwi, Lenzi alijibu kwa kuidogosha nyumba yake mwenyewe. "Sisi huku tuna kibanda tu." "Ukija kwetu utaingia kwa ubavu." "Sakafu yetu ukiiona utalia." Alisema huku anacheka, na kwa kuwa alicheka, Pimamaji hakujua kama kuna mahali panauma. Wala Lenzi hakujua.

Siku ya kwanza alipomkaribisha, alikuwa amevaa gauni la kijani la mikono mifupi, ameosha mapazia, amefuta kila kitu mara mbili. Bado neno la kwanza mlangoni lilikuwa, "Karibu, usishangae, ni kibanda tu."

Kilikuwa sebule ndogo, vyumba viwili, ujia mwembamba, na jiko lililofungukia uani kwenye kamba ya nguo na pipa la maji. Baba yake Lenzi ndiye aliyekijenga. Alikuwa tarishi wa ofisi, si fundi, na sakafu aliimwaga kwa mikono yake Jumapili kwa Jumapili, saruji iliyotiwa rangi nyekundu, na mahali pengine akaishiwa nguvu, pengine akaishiwa mchanga. Baba na mama walikwishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki ni shangazi, dada yake baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru, aliyemlea Lenzi kuanzia darasa la nne.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa hapo, si hapo, hicho kiti kinabana. Chai inakuja."

Shangazi akaenda jikoni pekupeku, akarudi na sinia, akamimina chai bila kumwaga tone. Pimamaji alikuwa ameambiwa kwamba macho ya shangazi yana presha na karibu hayaoni tena, kwamba miwani haiyasaidii, na kwamba ndilo jambo linalomuuma Lenzi kuliko yote, yeye anayewapa nuru watu kutwa nzima. Lakini alivyomwona anavyopita kwenye ujia ule kwa haraka, akaona labda watu wanatia chumvi.

Kisha, kama kawaida yake, akalaza kifaa chake sakafuni. Kiputo kikakimbilia upande.

"Hii sakafu inaondoka," akasema.

"Inakwenda wapi?" akauliza shangazi.

"Inaelekea mlango wa uani."

"Basi inajua njia."

Uso wa Lenzi ulipata moto. Wiki ile nzima alikuwa amesikia habari za marumaru. "Mimi sakafu hii inanitia aibu," akasema. "Siku nikipata uwezo naibomoa yote, mpaka udongo." Shangazi alisikia, akaendelea kunywa chai yake. Pimamaji pia alisikia. Ni mtu aliyekulia katika vyumba vya kupanga. Kabla ya kutimiza miaka kumi na sita walikuwa wamehama mara kumi na moja, kila mara na magodoro kichwani. Hakuwahi kuwa na sakafu ya kuionea aibu wala ya kujivunia. Alichojua ni kwamba mwanamke anayempenda ana haja, na haja hiyo iko ndani ya mikono yake kabisa.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao Lenzi akapangwa kwenye msafara wa kupima macho, siku nane katika miji ya mbali. Shangazi akapelekwa kwa binamu yake akae huko mpaka msafara urudi. Ufunguo wa nyumba akaachiwa Pimamaji, atengeneze bomba la jikoni lililokuwa linavuja.

"Bomba limepona?" Lenzi aliuliza kwenye simu siku ya pili, nyuma yake watoto wa shule wanasoma herufi za ukutani kwa kelele.

"Limepona."

"Mbona unahema kama umekimbizwa na mbwa?"

"Napanda ngazi."

"Ngazi za wapi? Si umesema leo huna kazi?"

"Lenzi, mpenzi wangu, pima macho ya watu. Mambo ya kuhema niachie mimi."

"Una jambo wewe. Nakujua."

"Ukirudi utaliona. Na hilo halihitaji miwani."

Lenzi alilala na kicheko mdomoni usiku ule. Akawaza pete, akawaza barua ya posa, akawaza kila kitu isipokuwa nyundo na patasi.

Kwa siku zile nane Pimamaji alifanya kazi ambayo mafundi watatu wangeifanya kwa kulalamika. Alihamisha fanicha zote uani, akazifunika kwa turubai. Akaparua miinuko yote ya saruji nyekundu, akajaza mabonde, akasawazisha, akaweka vigae vya rangi ya maziwa kutoka mlango wa mbele mpaka jikoni, vyumba vyote, ujia wote. Mistari ikanyooka. Alipomaliza alipita na kifaa chake chumba kwa chumba, na kila alipokilaza, kiputo kilikaa katikati kama mgeni aliyepewa kiti cha heshima. Kwa kweli alikaa chini akaifurahia nyumba ile peke yake, na katika maisha yake yote hajawahi kufanya kazi safi kama hiyo.

Walirudi Jumamosi saa tisa mchana. Pimamaji alikuwa mlangoni, shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vinang'aa. Lenzi alikuwa anateremsha mabegi. Shangazi akatangulia, akavua ndara zake kizingitini kama alivyofanya kwa miaka yote, akaweka mguu ndani.

Akasimama.

"Tumeingia nyumba ya nani?"

"Ni kwenu, shangazi," Pimamaji akasema kwa furaha. "Piga hatua tu, pako sawa."

Shangazi akapiga hatua moja, ya pili, akatafuta kitu kwa vidole vya miguu, asikipate. Akageuka kushoto mapema mno, goti likagonga meza. Akarudi nyuma, akanyoosha mikono yote miwili mbele, vidole vimetanuka, akipapasa hewa ya sebule yake mwenyewe. Hapo ndipo Lenzi alipoingia na mabegi, na ndicho kitu cha kwanza alichokiona. Katika nyumba ile hakuwahi kumwona shangazi yake akinyoosha mikono kama kipofu.

"Mmenihamisha," shangazi akasema polepole. "Nimeondoka siku nane tu, mmenihamisha."

Lenzi akaweka mabegi chini. Akamshika shangazi, akamkalisha. Kisha akaangalia sakafu, kona hadi kona, na sauti yake ikatoka ndogo.

"Nani alikutuma?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema inakutia aibu. Ulisema ukipata uwezo utaibomoa mpaka udongo. Lenzi, uliyasema hapa hapa, chai iko mezani."

"Nilisema. Na wewe ukaona nyumba yetu ni takataka kweli, ukaja kuifunika."

"Sikuona hivyo."

"Ile sakafu ilikuwa macho yake, fundi. Alikuwa anaona kwa miguu. Umeyatoboa."

Pimamaji akamtazama shangazi, akatazama vigae, na rangi ikamtoka usoni. Alielewa kosa lake papo hapo. Lenzi naye alikuwa na hasira ya mtu aliyeshikwa na maneno yake mwenyewe, na hasira ya namna hiyo haina breki.

"Nenda," akamwambia. "Chukua vyombo vyako uende. Ukatengeneze nyumba za watu wenye vyoo vinne."

Akaenda. Hakuchukua hata ndoo.

Wiki ya kwanza simu iliita asubuhi, mchana na jioni, na Lenzi aliitazama ikiita. Wiki ya pili ikaita mara moja kwa siku. Wiki ya tatu haikuita tena, na huo ukimya ndio uliomshinda. Kazini aliwapa wateja wawili kila mmoja miwani ya mwenzake, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mzee wa duka la saa alipita akamwambia, "Lenzi, saa yako imesimama," na alikuwa hazungumzii saa.

Nyumbani kulikuwa kugumu zaidi. Shangazi alikaa kwenye kiti. Uani hakwenda mpaka ashikwe mkono, jikoni hakukanyaga kabisa, na yeye ndiye aliyekuwa akipika tangu Lenzi ana sare ya shule. Alihesabu hatua kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Asubuhi moja ya Jumapili Lenzi alikuwa akimwongoza kwenda kuanika khanga zake, akaanza tena kumlaani fundi, kwamba ni mtu wa majivuno, kwamba aliwadharau.

Shangazi akasimama katikati ya ujia.

"Hebu niambie, mwanangu. Yeye aliwahi kuiita nyumba hii kibanda?"

Lenzi akahamishia khanga mkono wa pili.

"Nakuuliza wewe. Mimi macho sina, masikio ninayo. Miezi mitano nimekaa nakusikia unaikana nyumba ya baba yako mbele ya mgeni. Kibanda, kibanda, kibanda. Leo unamlaumu kwa kukuamini?"

"Shangazi, nilikuwa natania."

"Ulikuwa unaogopa. Ulitaka kuisema vibaya kabla hajaisema yeye." Akaushika ukuta kwa kiganja. "Kaka yangu alijenga humu akiwa na baiskeli ya ofisi na mishahara ya kubahatisha. Mvua haijawahi kutunyeshea. Hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango huu kutuambia tutoke. Yule kijana amehama mara ngapi, ulisema?"

"Kumi na moja."

"Basi. Wewe hujahama hata mara moja, na hujawahi kusema asante."

Yalimwingia. Lenzi alimkalisha shangazi uani kwenye kivuli cha ukuta, akaingia ndani, akasimama sebuleni peke yake. Akaangalia dirisha ambalo chini yake alijifunzia kusoma. Akaangalia mlango wa chumba chenye alama za kalamu ambazo baba alizichora kumpima urefu kila alipofunga shule. Kila kitu alichowahi kupata maishani, kazi, lugha ya mzaha, jeuri yake ya kuvuka kamba za watu, alikipatia humu, kwa sababu kila jioni alikuwa na uhakika wa pa kurudi. Akalia kidogo, si sana, kisha akanawa uso na kuchukua simu.

Iliita mara moja tu.

"Lenzi."

"Umekula?"

Upande wa pili ikasikika pumzi ndefu. "Bado."

"Nimekupigia kukuambia kitu. Ulinisikia vibaya kwa sababu nilisema vibaya. Sikuwa naionea aibu nyumba yetu. Nilikuwa nakuogopa wewe na marumaru zako."

"Mimi marumaru si zangu. Zangu ni vumbi tu. Siku ile ya kwanza, shangazi aliponiambia kaa hapo, si hapo, nilitamani nisikie hivyo kila siku. Nilipokuwa natoka nilijisikia kama nahama tena. Ndiyo maana nikataka niache kitu changu humo."

"Umekiacha. Mita za mraba zote."

Akacheka, kicheko kilichochanganyika na kikohozi. "Naomba nije. Si kwako. Nije kwa shangazi."

"Njoo. Njoo nyumbani kwetu," Lenzi akasema, na hakuongeza neno lolote juu ya hapo.

Akaja saa hiyohiyo na ovaroli yake. Alipiga magoti mbele ya kiti cha shangazi, akaomba radhi kwa maneno machache, kisha akaomba jambo ambalo Lenzi hakulitegemea. Akamwomba shangazi leso yake. Akajifunga machoni, akavua viatu na soksi, akasema, "Nifundishe sakafu."

Shangazi akamshika kiwiko. Wakaanza kitandani kwake. "Hapa palikuwa na kibonde cha kutosha kisigino. Ukikikanyaga, unajua umefika mwisho wa kitanda. Hatua nne. Hapa kaka yangu alichoka, akamalizia Jumapili ya pili, pakabaki ukingo, mwembamba kama ukingo wa sahani. Ukiuvuka, uko kwenye ujia. Twende. Hapa palikuwa laini sana, hapa pa kawaida. Hapa mlangoni pa jiko aliishiwa saruji akazidisha mchanga, pakawa panakwaruza. Miguu ikikwaruzwa, mkono wa kulia unakuta mlango." Fundi alirudia kila neno. Alijigonga kwenye kabati, akajigonga kwenye meza, akamwomba wapite tena. Wakapita mara sita. Lenzi alikaa kwenye kizingiti na daftari la duka la miwani, anaandika, na kila alichoandika alikuwa anakikanyaga miaka ishirini na tisa bila kukijua.

Kazi ilichukua wikiendi tatu. Pimamaji aling'oa vigae kwa upana wa miguu miwili, kutoka kitandani kwa shangazi, kupitia ujia, mpaka jikoni na mlango wa uani, akamwaga njia ya saruji nyekundu yenye kila kibonde na kila ukingo. Kifaa chake kilikaa ndani ya mfuko siku zote hizo. Alilalamika kwamba hajapata kuona kazi ngumu kama hiyo, kwamba kunyoosha ni rahisi, kupinda kwa makusudi ndiko kunakotaka fundi. Shangazi alikuwa mkaguzi asiye na huruma.

"Pa jikoni pamekuwa laini mno. Vunja."

"Shangazi, hii ni mara ya pili."

"Basi itakuwa ya tatu. Wewe si ndiye uliyetaka kufundishwa?"

Akavunja. Mara ya tatu, Jumapili saa nne asubuhi, shangazi aliinuka kitandani, akatoka chumbani, akapita ujia, akakwaruzwa miguu mlangoni pa jiko, mkono wake wa kulia ukakuta mlango. Walimsikia anasogeza sufuria, anafungua bomba, anawasha jiko. Lenzi alimshika Pimamaji mkono uliojaa saruji na hakuuachia mpaka sinia ya chai ilipofika mezani.

Sakafu sasa ilikuwa na rangi mbili, ya maziwa na nyekundu, na njia inayopindapinda katikati. Katika mtaa wa juu hakuna ambaye angeilipia. Lenzi aliitazama akaona hajapata kuona kitu kizuri kama kile, na akasema hivyo kwa sauti.

Pimamaji akaweka kikombe chini, akaketi vizuri.

"Shangazi, nina neno. Nilitaka nitume wazee, na wazee watakuja, ila wewe nataka ulisikie kwangu kwanza. Nampenda huyu. Nataka kumwoa. Tatizo langu ni moja, nami silifichi. Sina nyumba ya kumpeleka. Nimepanga chumba kimoja, na mwenye nyumba ameshaanza kunung'unika."

"Kumpeleka?" shangazi akauliza. "Kwani nani kasema anakwenda?"

"Watu watasema nimeolewa mimi."

"Watasema," Lenzi akajibu. "Na wakikuona unavyokunywa chai hapa watakuonea wivu. Mimi nilipo nimeshafika, Pimamaji. Ungenijengea vyoo vinne nisingetoka. Anayenitaka aje."

Fundi alicheka, kisha akakuna kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana na wasiwasi wa kweli.

"Kuna kitanda changu. Ndicho kitu pekee cha maana nilichonacho. Nilikinunua kikubwa sana zamani, nikidhani siku moja nitapata nyumba ya kukitosha. Nimepima mlango wenu. Hakipiti."

"Kiache," Lenzi akasema. "Njoo wewe."

Walioana baada ya miezi miwili. Sherehe ilifanyika sebuleni. Viti vilijaa, ujia ukajaa, mafundi sita wakakaa jikoni magoti kwa magoti, na mzee wa duka la saa alisimama uani akila kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika dirisha. Bibi harusi, gauni jeupe na miwani mipya, alipita katikati ya watu kwa taabu, pekupeku. Mama mmoja, mkewe mteja wa mtaa wa juu, akamnong'oneza kwa huruma kwamba wangetafuta ukumbi.

"Nyumba yetu ndiyo hii, mama," Lenzi akamwambia, akamshika bega. "Sogea kidogo, wengine waingie."